Risasi isiyo na risasi: bunduki ya babu ilishwe nini?

*"Shikamoo fundi. Mimi nipo Kongwa. Babu alifanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ulipokufa bosi wake akamwachia shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Baada ya babu akaimiliki baba kwa leseni, baba amefariki mwaka jana na bunduki nimeikabidhi polisi wakati nafuatilia umiliki. Kabla sijaikabidhi niliandika alama za chini ya mitutu: kuna taji juu ya herufi NP, kuna 1⅛ OZ, kuna 2½, na 12 ndani ya kialmasi. Kwenye mizani ilikuwa kilo 2.9. Baba alikuwa anapiga kanga na kwale kwa kibali na nyama tunakula nyumbani, mpaka leo kuna ya kukausha imebaki. Sasa mke wangu mjamzito, na nina mtoto wa miaka 3, nimesikia zile risasi ni sumu. Rafiki yangu wa Dar ana boksi la katriji za chuma za kisasa, 12/70, gramu 28, anasema ni laini kwa bunduki ya zamani maana hazipigi teke. Niziombe? Nyumbani kuna kopo la katriji za zamani za babu pia, nifanyeje nazo?"*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Umefanya jambo ambalo watu wengi hawafanyi, umegeuza mitutu ukasoma kilichoandikwa chini. Mimi napigiwa simu kila wiki, "fundi nina bunduki ya mzee, niipe risasi gani", nikiuliza chini ya mtutu kumeandikwa nini naambiwa sijaangalia, basi hapo mazungumzo yanaishia kwenye kubahatisha, na kwenye silaha kubahatisha ni vidole na macho ya mtu.

Jibu la haraka kabla sijaenda mbali: katriji za chuma za rafiki yako zisiingie kwenye hiyo bunduki, hata moja ya kujaribu. Kinachoifaa ni katriji ya milimita 65 yenye marisawa ya bismuthi, gramu 28 mpaka 30, iliyotengenezwa kwa presha ya bunduki za zamani, na hata hiyo ni mpaka fundi aipime unene wa mitutu akuambie bado ni mzima. Na nyama iliyobaki, mama mjamzito na huyo mtoto wasiile tena kuanzia leo. Sasa kaa nikueleze sababu, maana ukizijua hutapotoshwa na mtu mwingine.

Kwanza Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya hapa. Risasi ni ile kitu unayonunua dukani na kuipiga, na risasi ni yale madini, ule mtapo mzito wa kijivu. Tumeita kitu kwa jina la kilichotengenezewa, kwa hiyo mtu akisikia "risasi isiyo na risasi" anaona kama unamtania. Mimi hapa ntasema katriji nikimaanisha kile kitu kizima chenye ganda, marisawa nikimaanisha zile punje za ndani, na risasi ntaiachia madini peke yake.

Hayo madini ndo tatizo. Punje ya risasi ni laini sana, ikimpiga kanga na kugonga mfupa haikai nzima, inameguka vipande vidogo vingine huwezi kuviona kwa macho, vinasambaa kwenye nyama mbali na tundu lenyewe. Ndo maana ile tabia yetu ya kutoa punje kwa kisu na kusema nyama sasa safi haisaidii sana, umetoa punje umeacha unga wake. Halafu angalia tunavyopika, tunakamulia ndimu, tunaweka nyanya, huku kwetu wengine wanatia ukwaju, na risasi inayeyuka zaidi kwenye kitu kichachu, kwa hiyo mchuzi ule mtamu ndo unaoibeba. Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anaweza kunyonya mara 4 mpaka 5 ya kile anachonyonya mtu mzima kutoka kwenye kitu kilekile alichokula. Kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua, kwa mama mjamzito inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni, na inakaa kwenye mifupa miaka mingi. Sisemi hivi kukutisha, baba yako alikula na akazeeka, najua utaniambia hivyo kwa sababu na mimi wangu alikuwa hivyohivyo. Ila mtu mzima aliyekula kanga mara chache kwa mwaka na mtoto wa miaka 3 sio kesi moja.

Kuna na firigisi. Ndege kama kanga, kwale na bata wanameza changarawe makusudi ili firigisi isage chakula, na punje ya risasi iliyoanguka chini anaiona changarawe nzuri tu, anameza, firigisi inaisaga na tindikali inaiyeyusha mpaka ndege anakufa polepole au anapigwa na wewe akiwa nayo tayari. Na firigisi nyumbani anapewa nani? Baba mwenye nyumba. Hii ya ndege kumeza ndo iliyofanya Marekani wakataze marisawa ya risasi kwa kuwinda bata nchi nzima mwaka 1991, Denmark wakayaondoa kabisa mwaka 1996, na Uingereza mwaka 2025 serikali ikatangaza inayaondoa kwa sehemu kubwa ya uwindaji. Na sisi tupo kwenye mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, AEWA, ambao unataka risasi iachwe kwenye maeneo oevu, na ukiwaza Bahi ikijaa maji au Hombolo unavyokuwa na bata, unaona mkataba ule unatuhusu sisi hasa.

Angalizo moja dogo ambalo limewaumiza wengi mfukoni. Ukiona boksi limeandikwa marisawa yamepakwa shaba au nikeli, hiyo sio bila risasi. Ni risasi iliyovaa koti. Ndani ni ileile.

Haya, sasa tuje kwenye bunduki, maana swali lako la kweli lipo hapo, neno "laini".

Rafiki yako anasema katriji yake ni laini kwa kuwa haipigi teke. Hilo ndo kosa ninalolisikia kuliko yote, na linasemwa na watu wenye bunduki miaka mingi. Teke la begani na presha ndani ya mtutu ni vitu viwili. Chukua gari lililozimika barabarani. Ukilisukuma taratibu na watu wanne mpaka lifike mwendo wa kutembea, au lori likaligonga kwa nyuma likafika mwendo uleule, mwisho wa siku gari limepata mwendo sawa. Lakini bampa halijapata kitu sawa hata kidogo. Teke la bega ni ule mwendo wa mwisho, linatokana na uzito wa marisawa na kizibo (kile kinachotenganisha baruti na marisawa) na baruti vinavyotoka mbele, kasi vinavyotoka nayo, na uzito wa bunduki yenyewe. Presha ni lile pigo la bampa, nguvu ya juu kabisa ndani ya chemba, pale katriji inapokaa, inakuja na kuisha kufumba na kufumbua. Baruti inayoungua haraka inaweza kukupa gramu 24 za marisawa na teke dogo linalomfurahisha bega, huku chemba imepigwa presha kubwa kuliko katriji nzito ya baruti inayoungua polepole. Bega halina kipimo cha presha. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii laini", muulize laini kwa nani, kwako au kwa mtutu? Kwa bunduki ya zamani unataka vyote viwili, na cha mtutu hukijui kwa kupiga, unakijua kwa kusoma boksi.

Soma sasa mihuri yako na mimi. Taji juu ya NP ni nyumba ya majaribio ya Birmingham kule Uingereza, panapojaribiwa mitutu kwa presha na kupigwa muhuri, ipo tangu 1813, ingekuwa ya London, ambao mafundi wao walipewa hati ya mfalme 1637, ungeona mkono umeshika upanga. NP maana yake bunduki ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, sio baruti nyeusi ya magobore peke yake, hiyo ni habari njema kwako sana. Namba 12 ni ukubwa wa mtutu, na ukitaka kujua imetoka wapi, ni kwamba gololi 12 za risasi zinazoingia kwenye mtutu huo zinafika ratili moja. 1⅛ OZ ni mzigo wa juu kabisa wa marisawa, aunsi moja na thumni, kama gramu 32. Na 2½ ni urefu wa chemba kwa inchi, milimita 63.5, ambayo kwenye maboksi inaandikwa 65. Mihuri ya namna hiyo ni ya kabla ya 1954, inaendana kabisa na hadithi ya babu yako na mradi wa karanga ulioanza 1947.

Hiyo 65 ndo inayoitoa katriji ya rafiki yako nje hata kabla hatujazungumzia chuma, kwa sababu yake ni 70. Na mtego wake ni kwamba itaingia. Itaingia vizuri kabisa na bunduki itafunga bila kulazimisha, utasema mbona fundi anaogopesha watu bure. Ni hivi, ganda la katriji mdomoni limekunjwa kuwa kifuniko, na ule urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Katriji ya 70 ikiwa haijapigwa ukiipima unakuta kama sentimita 6 hivi, ndo maana inaingia kwenye chemba ya 65 na nafasi inabaki. Ukipiga, kifuniko kinafunguka kwenda mbele, kinakuta chemba imeisha na mtutu umeanza kubana, kwa hiyo mdomo wa ganda unakaa palepale kwenye njia ambayo marisawa na kizibo yanataka kupita. Mzigo unaminywa, gesi inakosa njia, presha inapanda. Niliwahi kuletewa bunduki na mzee mmoja akilalamika inafungua kwa shida, nikamuomba maganda aliyopiga, midomo yote imechanika imekuwa kama ukingo wa mkeka uliokwisha. Alikuwa anapiga 70 kwenye 65 miaka kadhaa na haijawahi kupasuka, ila bawaba ilikuwa imelegea mpaka mwanga unapita kati ya mitutu na mwili wa bunduki. Inaua bunduki kwa mafungu. Au siku moja inamaliza deni lote.

Na kuna mafundi, hasa wa kubahatisha, watakwambia "lete nikuchongee chemba iwe 70". Usikubali. Chuma kinachochongwa pale ndo kilichoshika presha, ukikipunguza majaribio ya Birmingham hayana maana tena, bunduki imeshakuwa nyingine isiyojaribiwa, na ukiachilia hivyo kuigusa silaha namna hiyo bila fundi mwenye leseni ni kosa.

Sasa chuma chenyewe. Risasi ina uzito wa gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, bismuthi 9.8, chuma 7.9 hivi. Lakini shida ya chuma kwa mtutu wa zamani sio uzito, ni ugumu. Mdomoni mwa mtutu kuna choki, pale unapobana kidogo ili marisawa yasitawanyike mapema. Mzigo wa risasi ukifika pale unaminyika, punje zinakubali kubadilika umbo, kama gunia la unga kwenye mlango mwembamba. Gunia la kokoto mlango uleule halipiti bila kuumiza fremu. Punje za chuma hazikubali kuminyika, kwa hiyo mtutu ndo unaokubali, na mitutu ya Kiingereza ya wakati ule ilitengenezwa myepesi makusudi, karibu na mdomo chuma chake ni chembamba sana. Inatokea pete, kauvimbe unakoweza kukahisi kwa kidole, au ule utepe wa juu uliolehemiwa kati ya mitutu unaanza kuachia.

Nikuambie ukweli wote lakini. Zipo katriji za chuma za daraja la kawaida za milimita 65, zinatengenezwa Uingereza, punje zake hazizidi milimita 3.25 na zina kizibo cha kikombe kinene cha plastiki kinachozuia punje zisiguse mtutu, na wapo wataalamu wa huko wanaosema bunduki yoyote nzima iliyojaribiwa kwa baruti ya kisasa, choki yake ikiwa sio ya kubana sana, inaweza kuzipiga. Hawasemi uongo. Ila wao wana nyumba ya majaribio mwendo wa saa mbili kwa gari, ikitokea mashaka bunduki inarudishwa inapimwa. Wewe bunduki yako ukiiharibu Kongwa ndo basi. Kwa hali hiyo mimi chuma kwa bunduki hii nasema hapana. Kwa bunduki mpya yenye chemba ya 70 au 76 na muhuri wa ua la yungiyungi, ambao unaonyesha ilijaribiwa kwa chuma cha nguvu, hapo chuma ni sawa kabisa na ndo bei rahisi kuliko vyote visivyo na risasi.

Inabaki bismuthi. Hii naipenda na ntakwambia kwa nini. Ni madini mazito jirani kabisa na risasi kwenye jedwali la elementi, lakini mwilini sio sumu kama mwenzake, mpaka baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo zinatengenezwa nayo. Punje yake ni laini kiasi cha kuheshimu choki ya zamani, inaweza kupigwa na kizibo cha nyuzi badala ya plastiki, na hicho kwa sisi wafugaji sio kitu kidogo, mbuzi wanatafuna kila wanachookota. Kasoro yake ni kwamba bismuthi tupu inavunjikavunjika, kwa hiyo wanaichanganya na bati kidogo, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko risasi unapanda saizi moja ya punje: baba kama alikuwa anapiga kanga na namba 6, wewe chukua namba 5, maana namba ikishuka punje inakuwa kubwa. Kasoro nyingine ni bei, ni mara kadhaa ya katriji ya risasi, hilo sikufichi.

Kuna na tangsteni, ila hapo uwe makini na jina. Ile ya unga wa tangsteni uliochanganywa na plastiki ni laini, uzito wake unakaribia wa risasi na bunduki ya zamani inaivumilia vizuri sana, bei yake ndo inakatisha tamaa. Ile nyingine ya aloi ngumu yenye uzito wa 18 ni ngumu kuliko hata chuma, isikaribie bunduki yako. Shaba na zinki ziache tu.

Uzito wa mzigo sasa. Fundi W.W. Greener wa Birmingham aliacha kanuni ambayo mpaka leo inafanya kazi, bunduki iwe na uzito mara 96 wa marisawa inayopiga, chini ya hapo bega linateseka na mbao za kitako zinapasuka. Yako kilo 2.9, gawa kwa 96 unapata gramu 30 na pointi. Kwa hiyo ule muhuri wa gramu 32 ni ukomo wa majaribio, sio chakula cha kila siku. Tafuta 28, au 30 kama 28 haipatikani. Na kwenye boksi uone maneno yanayosema ni kwa chemba ya milimita 65 na kwa bunduki iliyojaribiwa kwa bar 850, hicho ndo kipimo cha kisasa cha bunduki za daraja lako. Boksi lisilosema urefu wala presha, lirudishe hata kama muuzaji anaapa.

Lakini yote hayo ni bure kama mitutu imeliwa. Muhuri wa Birmingham ulisema bunduki ilikuwa nzima siku ile, na tangu siku ile kuna miaka zaidi ya 70 ya kutu, kusuguliwa na brashi, labda kuangushwa. Siku ukiruhusiwa kuikagua, ikiwa tupu na umehakikisha ni tupu mara mbili, ifungue kwenye bawaba uangalie ndani ya mitutu kuelekea mwangani. Mwanga uende kama mstari ulionyooka, ukiona kivuli cha pete mahali hapo pamevimba au pamebonyea. Toa mitutu, ining'inize kwa kidole kwenye ndoano yake ya chini, igonge taratibu kwa kucha au kwa penseli. Ikilia kama kengele, malehemu yamekaa. Ikitoa sauti ya bati lililopasuka, kuna sehemu imeachia. Na angalia rangi ya mitutu, ukiona michirizi au maua maua kama ya mti, huo ni mtutu wa damaski uliofumwa kwa tepe za chuma, kwa hiyo simama hapohapo usipige kitu chochote mpaka fundi auone, hata kama NP ipo.

Hayo unayafanya wewe. Usichoweza kufanya ni kupima unene wa ukuta wa mtutu, kinahitajika kifaa chake, na hilo ndo ninalotaka umuone fundi mwenye leseni ana kwa ana, sio kwa picha za simu. Kipimo kinachoheshimika ni usipungue nusu milimita hivi sehemu yoyote, na sehemu za nyuma karibu na chemba unatakiwa uwe mnene zaidi sana. Ikiwa chini ya hapo, bismuthi haiiokoi, wala katriji yoyote. Hapo ni ya kutundika kwa utaratibu utakaoambiwa na polisi, na sioni aibu yoyote katika hilo, ni bunduki iliyofanya kazi vizazi viwili.

Upande wa sheria nitapita haraka, sio kwamba ni mdogo. Leseni ni ya mtu, haiingii kwenye mirathi kama ng'ombe, umefanya sawasawa kuikabidhi, na mpaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ikutambue wewe, hutakiwi kumiliki hata katriji moja, kwa hiyo hata zile za rafiki yako zingekuwa zinafaa bado asingeruhusiwa kukupa kishkaji. Bismuthi usiiagize mtandaoni. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, mpe karatasi imeandikwa: 12, milimita 65, bismuthi, gramu 28 au 30, namba 5, bar 850, akuulizie kwa njia zake halali. Itachukua muda na huenda akakuambia hakuna. Usijaze katriji mwenyewe nyumbani kwa kufuata video, kisheria ni kutengeneza katriji, na kiufundi kubadilisha risasi kwa bismuthi au chuma kwenye kipimo kilekile cha baruti kunabadilisha presha kwa namna huwezi kukisia. Na kanga wa porini, hata akiwa anafukua karanga shambani kwako, ni mnyamapori chini ya sheria ya 2009, kibali kinahitajika.

Kama bismuthi haipatikani au bei imekushinda, nikwambie ninachowaambia wanangu mwenyewe. Fuga kanga. Dodoma hii inawafaa, wanavumilia ukame, wanakula wadudu, na nyama yake hutaitafutia punje kwa ulimi. Bunduki ikae na leseni yake ikingoja, haiozi ikipakwa mafuta na kuhifadhiwa inavyotakiwa.

Kopo la babu, leo au kesho lifikishe kituoni ulipokabidhi bunduki. Usilipeleke kimyakimya, piga simu au nenda kwanza uwaambie kuna katriji zimebaki nyumbani unataka kuzikabidhi, wao watakuelekeza zifikeje. Usizipasue kuangalia ndani, usizichome, usizitupe chooni. Katriji iliyokaa miaka chini ya bati la Kongwa, joto la mchana na baridi ya usiku, baruti yake huwezi kujua imekuwaje, na fataki za zamani, vile viwashio vya nyuma ya katriji, zina chumvi inayokula mtutu. Wala usimpe mtoto zile punje achezee.

Kwa mtoto na mama, nenda nao kliniki uwaambie waziwazi kwamba nyumbani mmekuwa mkila nyama ya ndege waliopigwa kwa risasi, mara ngapi kwa mwezi na mpaka lini. Daktari ataamua kama damu ipimwe. Usisubiri dalili, maana mtoto anaweza asiwe na dalili yoyote ya kuonekana, ila kama amekuwa akilalamika tumbo, anapata choo kigumu, amepauka au amekuwa mzito kujifunza maneno, hayo yaseme yote. Wakati huohuo mpeni vyakula vyenye madini ya chuma na maziwa, mwili wenye njaa ya madini hayo unanyonya risasi zaidi, kwa hiyo mlenda na maharage ya nyumbani yana kazi hapo.

Nyama iliyobaki kama unataka kujua ilipigwa na nini, ukikuta punje isugue kwenye karatasi, risasi inaacha mstari wa kijivu kama penseli. Sumaku ikiinasa ni chuma. Ukiigonga na nyundo ikatandaa kama chapati ni risasi, ikipasuka vipande vinavyometameta ndo bismuthi. Nawa mikono ukimaliza.

Siku umiliki ukikamilika na bismuthi ukaipata, kabla ya kwenda porini nenda mahali panaporuhusiwa, weka boksi la katoni lililofunguliwa mita 30, piga mtutu mmoja halafu chora duara la upana wa sentimita 75 pale zilipojaa uhesabu. Ukipata matundu 120 au zaidi na hayajaacha uwazi wa kanga mzima kupita katikati, mtutu huo umeipenda hiyo katriji. Fanya na wa pili, kawaida choki zake hazifanani. Halafu mita 30 hizo ndo ziwe mwisho wako, baba alikuwa anaweza kusukuma mpaka 40 kwa risasi nzito, bismuthi inachoka mapema kidogo na kanga ana manyoya kama ngao, ukimpiga mbali anaondoka na punje zako anaenda kufia usikomwona.